Tiketi ya Itigi

Ndege ilitua Dodoma saa tisa na nusu,
karibu na mji kiasi kwamba niliona nguo za watu zikianikwa.
Upepo ukanivua mtandio kabla sijamaliza ngazi.
Pasipoti walishaigonga Dar es Salaam,
wakainusa na taa ya baba mara tatu,
wakitafuta mafuta.
Haijaonja mafuta tangu sijajua kutembea.

"Stesheni," nikamwambia dereva. "Ya treni. Haraka."
Ndahani (jina kaliandika kwenye dashibodi kwa rangi ya kucha)
alilitazama sanduku langu la magurudumu,
akavitazama viatu,
akanipeleka kwenye vioo.

Stesheni mpya! Sakafu unajiona meno.
Ngazi zapanda zenyewe, watu wamesimama tu kama mizigo.
Mlinzi akasoma karatasi yangu, akanirudishia kwa mikono miwili:
"Pole, mama. Ya umeme mwisho wake hapa.
Ya Itigi ni ile ya zamani, kule mjini ulikotoka."

Pole. Kila mtu hapa ananipa pole
kama chenji.

Tukarudi. Ndahani akipenya katikati ya bajaji,
akinieleza, bila kuulizwa, kwamba kosa ni la sanduku.
Saa kumi na mbili kasoro, dirishani, nahema:
"Nipe tikiti moja ya Itigi."
Karani hakuinua kichwa.
"Tikiti liko sokoni, mama, upande wa matunda.
Hapa tuna tiketi."
Waliokuwa nyuma wakacheka, si kwa ubaya.
Kisha, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu:
"Sema, naomba."

Naomba.
Kwetu Voi hilo ni neno la kanisani, na la wenye njaa.
Nililisema. Likashuka kooni kama kidonge kikavu.
"Haya. Ilikuwa ifike saa moja," akasema.
"Labda saa sita. Labda."

Nikaketi, sanduku mbele, taa mapajani,
na herufi tatu kifuani mwake za shirika lililokufa.
Baba alivuka Taveta na mabehewa ya saruji.
Wiki mbili tu, alimwambia mama, nashika zamu ya mtu.
Taa akaiacha msumarini.
Mpaka ukafungwa.
Nchi tatu zikagawana injini, mabehewa, madeni,
hata vijiko vya chai;
hakuna aliyeandika nani achukue baba zetu.
Miaka ikapita, mpaka ukafunguliwa.
Yeye hakufunguka.

Sasa kuna mtu anaitwa Malogo, mdogo wangu, sijawahi kumwona,
aliyenipigia alfajiri: "Dada, mzee anaita jina moja usiku kucha.
Mghoi. Ndiyo wewe?"
Ndiyo mimi.

Mfagizi akasimama mbele yangu.
"Hizo taa! Kioo chekundu bado kipo?"
"Kimepasuka."
"Cha kijani?"
"Kizima."
"Basi yatosha," akasema, akaendelea kufagia.

Ilikuja saa saba na robo, inanuka breki na maganda ya machungwa.
Kigwe imepita. Bahi, mkono umeingia dirishani
na kambale wa kukaanga, umetoka na elfu mbili zangu.
Kintinku sikuiona.
Ninajaribu sentensi ya kumwambia.
Inaanza na nipe.
Nipe siku ya kwanza ya shule. Nipe ile barua
mama aliyokuwa akiifuata posta kila Ijumaa,
akirudi na stempu tupu, eti asionekane amekwenda bure.
Nipe.

Baada ya Saranda treni inapanda mlima kwa kujikokota,
nami nafuta, naanza upya:
Baba, naomba

breki,
chai ya jirani yaimwagikia taa,
naye, akiipangusa kwa pindo la kanga yake, anasema
pole, jamani, pole,
wewe unashuka wapi?