Kitambaa cha Kuchujia Asali

Ndoo iliandikwa: rangi hii hujiosha yenyewe,
jua likiipiga, uchafu huachia.
Tukapaka darasa zima pale Isevya, mwaka ule wa mvua chache.
Mihayo akacheka: basi ukuta umetuzidi akili.

Leo nakwangua nilichopaka.
Msasa unalia, na kinachotoka
si vumbi la Tabora ninalolijua,
jekundu, linalokaa kwenye kope na kukiri kwamba lipo.
Hili linaelea kwenye mwanga wa dirisha, kisha halionekani,
na kutoonekana si kuondoka.

Nimejifunga puani kitambaa cha mama.
Kilizuia nta, kilizuia mbawa za nyuki,
miaka thelathini hakikupitisha hata mguu wa siafu.
Fundi mkuu anasema: chembe hizo,
unywele mmoja kwao ni barabara ya Nzega.

Kesho kifusi kitapakiwa, kwenda kufukia mashimo njia ya sokoni.
Mvua itakilamba.
Nani atauliza ukuta uliojiosha
ulimwaga wapi maji yake?

Jioni nakikung'uta kitambaa nje, mara tatu.
Kinarudi mkononi cheupe.
Bado kinanukia asali.