Mwaka wa Spika Moja

Spika ilikuwa ya kwaya.
Tuliiazima Jumatatu, tukairudisha Jumamosi usiku
imefutwa vumbi kwa kanga,
na Jumapili, katikati ya zaburi,
ikakohoa kidogo
wimbo wetu.
Hakuna aliyegeuka. Ila Mwalimu Yeremia,
mkono wake wa kuongoza ukasimama hewani
kama mtu aliyeulizwa jambo na mtoto.

Gitaa la Chilewa lilikuwa mbuzi wawili
kabla halijawa gitaa.
Waliuzwa mnadani Msalato,
na baba yake hakujua mpaka jua lilipozama,
alipowahesabu wakiingia zizini,
akahesabu tena,
akamtazama mwanawe,
akalitazama lile begi jeusi, refu,
lisilo na kwato.

Besi nilipewa mimi kwa kuwa ndiyo iliyobaki.
Nyuzi zake tatu. Ya nne
waya wa breki ya baiskeli ya mjomba,
ambaye tangu siku hiyo alishuka mlima wa Ntyuka
kwa kuburuza viatu.

Foibe hakutaka stuli.
Ngoma ya bibi yake aliibana kati ya mapaja
kama wanavyoibana wanawake wa kwao Mvumi,
ndoo za rangi kulia, sufuria bovu kushoto,
na alipoanza
tulijua nani kiongozi wa bendi,
ingawa kwenye karatasi tuliandika Sospeter.

Sospeter tulimwokota stendi.
Miaka mitatu akiita Kondoa, Kondoa, mmoja bado!
Sauti ilishakwaruzika kabla hatujampa wimbo.
Kupayuka hakufundishwa;
alihitaji tu kuisahau Kondoa,
na hilo halikuwezekana:
mpaka leo kiitikio chetu cha kwanza
kina mtu mmoja aliyebaki nje ya basi.

Stoo ya zabibu, Mpunguzi. Hapo ndipo.
Maji ya zabibu yaliyochacha yalinata sakafuni,
yakanata kwenye nyaya, kwenye vidole.
Nyigu walikuja.
Hawakupiga makofi, lakini hawakuondoka,
nasi hatukuwa na mashabiki wengine.

Harusi ya Kizota tulilipwa pilau.
Wimbo wa pili, shangazi wa bwana harusi akaziba masikio;
wa tatu, mshereheshaji akachomoa waya,
akasema asanteni vijana, asanteni,
ukapigwa muziki wa watu.
Tukarudi na spika juu ya toroli,
upepo wa Agosti ukitutia mchanga machoni,
hakuna anayesema,
mpaka Foibe akaanza kucheka,
akacheka mpaka reli, mpaka ng'ambo ya reli,
na toroli likasimama
kwa sababu wote tulikuwa tumekaa chini.

Kisha baa moja, Nkuhungu, kila Jumatano,
siku ambayo hata nzi hubaki kwao.
Watu kumi na mmoja, tukijihesabu.
Mlinzi akaacha geti, akaja na rungu lake mpaka mbele:
"Ule wa mbuzi, mnaupiga tena?"
Tulimtazama kama aliyetuita kwa majina ya ukoo.
Tukaupiga. Tukaupiga mara tatu.

Mara ya tatu nikamwona mlangoni
Mzee Madeje, fimbo mabegani.
Chilewa hakumwona baba yake; alikuwa amefumba macho,
amepanda kule juu nyuzi zinakochoma.
Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akaja.
Akaligusa gitaa ubavuni
kama anayetafuta mbavu chini ya ngozi.

"Ndio hawa?"
"Ndio hawa, baba."

Akanyamaza. Getini hapakuwa na mtu,
vumbi likaingia bila kiingilio.

"Wanalia vizuri," akasema.
Na akiwa ameshageuka:
"Deni liko palepale."