Sentimita Tatu

Mlango wa choo cha shule, Mbagala: sitini na nane.
Kiti mwendo cha Pazi: sabini na moja.
Nimeziandika kiganjani, daftari lililowa mvua,
na kabla sijafika ofisini Temeke
jasho limeila saba, imebaki kama moja.

Bwana Mtulia wa mipango anataka jedwali.
Safu ya kwanza aina ya ulemavu, ya pili idadi, ya tatu gharama.
Mwisho Ijumaa, saa tisa na nusu.
"Na tafadhali, Mwalimu Zulekha, ukurasa mmoja tu."

Ukurasa mmoja.
Nianze na Kulthum wa darasa la nne, Tandika,
anayeusogelea ubao hadi chaki inampaka pua,
akaitwa mtundu kwa kusimamasimama?
Huyu hahitaji kuhamishwa. Anahitaji dawati la mbele,
kitabu cha herufi kubwa,
na mwalimu anayetamka anachokiandika.
Gharama: naandika sifuri, nafuta.
Dawati la mbele lina wenyewe.

Mapacha wa Keko, viziwi wote wawili,
wana lugha yao ya chumbani:
mama ni kushika ndewe ya sikio, pale hereni inapokaa.
Mwalimu wa lugha ya alama tunaye mmoja kwa kata tano,
na Jumatatu yuko kliniki.

Na yule wa Yombo, asiyeitika jina lake,
lakini jenereta la kinyozi likianza kukohoa
anajua litazima baada ya mikohoo mingapi.
Nilihesabu naye. Kumi na saba. Likazima.
Kwake darasa la watoto tisini ni king'ora kisichonyamaza.
Chumba kidogo basi, watoto sita, pazia zito,
asubuhi mbili kwa wiki kwanza,
kisha tuone.
"Kisha tuone" haina safu.

Buza nilibisha hodi. Mama akasema
hapa hakuna mtoto wa shule.
Jina lake Sikujua.
Nyuma ya pazia mtu akagonga beseni mara tatu,
akatulia, mara tatu tena.
Nami nikagonga fremu ya mlango, mara tatu.
Huyo wa ndani akacheka,
kicheko kikubwa kuliko nyumba.
Sikujua akaketi kizingitini, akavuta upindo wa kanga.
"Ana miaka kumi na mmoja," akasema.
"Hodi ya kumwulizia yeye, hii ndiyo ya kwanza."

Huyu afuatwe kitandani, Jumanne na Alhamisi.
Nauli ya bajaji, kwenda na kurudi, elfu nne.
Mstari huo niliuandika bila kufuta.

Ijumaa nikapeleka kurasa sita.
"Kwa nini tusijenge kituo kimoja kikubwa,"
akasema diwani, "tuwaweke wote?"
Hakusema kwa ubaya. Kiwanja alishakiona,
na jina la getini pia.
Nilikuwa na hotuba, nimeikesha, ina methali mbili.
Ikanitoka yote.
Nikatoa futi ya cherehani ya wifi yangu,
nikampa ncha. "Shika hapa, mheshimiwa."
Tukapima mlango wa ukumbi ule ule tuliokaa.
Sitini na tisa.
Feni ikazunguka. Mtu akaomba soda.

Milango imepita, na njia za mteremko, shule nane.
Madawati, wakuu wa shule waelekezwe kwa barua.
Chumba cha Yombo, mwakani.
Bajaji imekatwa kwa wino mwekundu, mstari mnyoofu,
Bwana Mtulia hutumia rula.

Jumanne nilikuwa semina.
Alhamisi nikaenda Buza kwa miguu, viatu mkononi penye tope.
Sijabisha bado,
beseni likalia ndani.
Mara nne.
Ameongeza moja.