Ndimu ya Kulia

Daktari Ketino alisema: kama ndimu.
Ndimu ipi? nikamuuliza.
Maana mimi nauza ndimu, sokoni Kutaisi,
meza ya tatu ukiingilia mlango wa wauza jibini,
na najua ziko za Batumi, ganda jembamba,
ziko za Uturuki, kubwa, zimejaa upepo,
na ziko zile ndogo ngumu ninazomtupia mteja mbishi
bure, anyamaze.

Akacheka kidogo. Sentimita sita, akasema.
Ovari ya kulia.

Nilikwenda kuona moyo mmoja.
Kwenye kioo nikaonyeshwa wawili:
huyu, punje ya haragwe, anapwitapwita
kama anayekimbilia basi;
na yule, mviringo, mweusi,
amejaa maji na hana habari na mtu.

Wiki ya nane. Tungoje, daktari alisema.
Usiinue makreti. Usigeuke ghafla kitandani.
Kivimbe kikijisokota utajua,
maumivu hayatabisha hodi.

Malkhazi nilimwambia ni mgongo.
Mama mkwe sikumwambia kitu.
Tsiala ana dawa ya kila ugonjwa, na dawa yenyewe ni moja,
jozi mbichi ndani ya asali.
Kwetu mgeni hutoka kwa Mungu,
hupewa kiti cha karibu na moto na kipande cha kwanza cha nyama.
Mgeni huyu hakutaja jina
wala siku atakazokaa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone!
Mwenyeji alilala chali, macho darini,
akihesabu.

Kulia.
Upande wa mkono wa kulia chakula.
Na kulia kwenyewe, bafuni, bomba nimelifungua
ili maji yalie kunishinda.

Wiki ya kumi na moja, usiku wa mvua,
kikanichoma.
Malkhazi akaendesha gari na ndala miguuni,
akavuka daraja la Rioni taa ikiwa nyekundu,
na kule, kwa kinywa cha nesi, ndipo aliposikia
nilichomficha wiki tatu.
Hakunena. Alilikumbatia begi langu
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwingine stesheni.

Hakijajisokota, alisema Ketino, saa tisa usiku,
nywele zimemlalia upande mmoja.
Kisha akanieleza jambo ambalo angenieleza tangu mwanzo
kama ningeuliza kitu kingine badala ya ndimu ipi:
kwamba hapo ndipo yai lilipotokea.
Kifuko kilichobaki hakikufa. Kilivimba, kikajaa,
kikakaa kinatengeneza ile homoni
inayoushika mji wa mimba usimwage ulichopewa,
mpaka kondo likue, lipokee kazi.
Nadhani ndicho hicho, akasema. Siwezi kukuapia.

Na mimi nilikuwa nimekilaani kila usiku.
Nimekiita jiwe, nimekiita chura,
nimekiita kwa jina la jirani yangu wa meza ya nne,
Mungu anisamehe.
Kumbe ndiko mtoto alikolia.

Wiki ya kumi na sita, sentimita tatu.
Wiki ya ishirini Ketino akasukuma kile kidude baridi
huku na huku juu ya jeli, kulia, kulia zaidi,
akasema: sikioni.
Nikasema asante, kwa sauti, na sikujua namwambia nani.

Malkhazi hajanisamehe bado zile wiki tatu.
Hasemi. Anabeba makreti yote, hata matupu.

Leo chenza za Guria zimeingia, soko zima linanukia,
hakuna anayeuliza ndimu.
Nimechukua moja ya Batumi, nikaiweka kwenye mzani, peke yake.
Gramu tisini na nne.
Mteja akauliza, hiyo bei gani?
Nikamwambia haiuzwi,
nikaikata kwa kisu cha jibini cha kuazima
nikaila pale pale nimesimama,
na ganda lake,
huku wa ndani akipiga teke.