Kilo Moja na Robo

Asubuhi mtoto aliniletea bolti
ameiviringisha ndani ya fulana kama yai la kuku wa jirani.
Mizani ikasema: kilo moja na robo.
Sikuuliza kaitoa wapi. Hapa Mukuru
mnunuzi wa vyuma kuukuu haulizi;
sumaku ikishika, analipa.

Lakini rangi ile naijua.
Nyekundu ya matofali, chini yake kijivu,
chini ya kijivu nyekundu nyingine, kavu kama damu ya goti:
matabaka ya mikono ya watu wa reli,
na mkono wa mwisho ulikuwa wa baba.

Zablon Amuhaya, nambari ya kazi 604,
chumba kimoja, Landi Mawe.
Aliondoka kabla ya king'ora cha karakana,
akafuata mataruma mpaka Mto Ngong,
nyundo ya shingo ndefu begani,
kipande cha chaki nyuma ya sikio.
Daraja lilikuwa pembetatu juu ya pembetatu,
mihimili imeshikana mikono
kama watu wanaovuka maji ya kiuno.
Aliligonga ribiti baada ya ribiti,
kichwa ameinamisha, daktari kifuani pa mtoto.
Iliyo nzima iliitika: ngiii.
Iliyolegea ilikohoa: kwap.
Hiyo aliitia chaki, msalaba mdogo, akasonga,
na kesho yake ilipokufa ribiti iliingia bolti.

Likizo nilimpelekea chai kwenye chupa.
"Baba, nani walilijenga?"
"Hawakuandika majina. Waliandika uzito."
Kweli, juu ya lango palikuwa na kibati:
mwaka, tani, basi.
Chini mto ulikuwa bado na vyura.
Treni ya mizigo ilipokuja hatukukimbia,
tulijibanza kwenye kibaraza cha mbao pembeni,
daraja zima likashusha pumzi,
na meno yangu yakawa sehemu ya reli.

Siku hizi treni mpya inapita mbali, juu ya miguu ya saruji.
Haimhitaji mtu wa kuisikiliza.
Daraja linaliwa.
Kutu inakula polepole,
sisi tunakula haraka.
Nisijitie usafi: nimesomesha wawili kwa vyuma,
na sijui ni vyuma vya wapi.

Niliigonga ile bolti kwa jiwe la mizani.
Ngiii.

Nikamlipa mtoto bei yake, nikaongeza ya mkate.
Jioni nilifunga geti, nikatia spana kwenye kiondo,
nikashuka mtoni.
Maji meusi, povu, kandambili moja inazungukazunguka.
Wanawake wa zamu ya usiku walikuwa wakivuka,
mmoja mmoja, wakikanyaga walipojua,
wala hawakunisalimu.
Nilimulika kwa simu.
Matundu tisa. Manane mtu keshayapitisha waya,
ameusokota mara nyingi, ncha akazikunja ndani
zisimchane mpita njia.
Sijui ni nani. Hana nyundo, huyo, wala mshahara.

Tundu la tisa lilikuwa wazi.
Bolti iliingia kwa sauti ndogo,
ikakaa kama haijawahi kutoka.
Nikapapasa upande wa pili kutafuta nati.

Nati haikuwapo.
Nati, nikakumbuka,
niliinunua mwezi wa Mei.