Nani Mkubwa

Mimi nilitangulia kwa robo saa.
Mkunga wa Kibosho aliiandika kwenye daftari,
na robo saa hiyo nimeitumia kama hati ya shamba
miaka thelathini na tisa:
kitanda cha ukutani changu, paja la kuku langu,
na Ndeanasia kila alfajiri, kwa kinyongo, shikamoo.

Leo tuko Moshi, jengo la chini la hospitali.
Tumevuliwa hereni, pini, saa yangu ya mkopo.
Yeye kaingia kwanza kwenye lile pipa jeupe.
Sumaku ikagonga, ikagonga,
mafundi bati wa Majengo wote kwa mpigo,
nami benchini nikihesabu, kwa mazoea.
Kifafa chake nakijua kwa dakika.
Mbili, mgeuze ubavu.
Tano, tafuta gari.
Nne, siku ile ya mtori,
mkono wake katikati ya mafiga
na wajomba mlangoni, wakiogopa povu.

Zamu yangu ilipofika nilidhani ni heshima tu.
Kumbe mimi ndiye kipimo:
ubongo uliokaa tumbo moja na wake
usianguke.

Daktari Mlay aliweka picha mbili kwenye kioo.
Akaonyesha mikunjo. Yangu imebanana.
Yake imeachana, kama mfongo ulioliwa kingo,
masika baada ya masika,
na hakuna aliyeitisha msaragambo.

"Kwa macho ya mashine," akasema, "huyu ana hamsini."

Ni kifafa? Ni vidonge,
au ile miezi zahanati haikuwa navyo?
Ni kisogo na sakafu?
"Ndiyo tunayoyatafuta. Mtu mmoja hatoshi kutujibu.
Rudini baada ya miaka miwili."

Nilitafuta neno la kumfariji, nikakosa.
Ndeanasia akaisogelea picha,
akaikagua kama mkungu wa ndizi Kiborloni
kabla hajabishia bei.
Kisha akanigeukia, kifua mbele:
"Hamsini. Umesikia mwenyewe. Haya, niamkie."

Korido nzima ikatazama.
Nikapiga goti, gauni la hospitali likanifunguka mgongoni.
Shikamoo, dada.

Akaniacha pale chini, robo saa, naapa,
akichezea kovu la mkono,
ndipo akaitika:
"Marahaba, mwanangu. Nauli unayo?"