Mistari Mitatu

Afisa wa probesheni kaja Kisauni na faili la buluu,
kakataa chai, kakubali maji,
kanionyesha ukurasa: "Bi Mejumaa, hapa.
Maoni ya mwathiriwa."
Mistari mitatu. Niliihesabu kwa vidole
vya mkono uliobaki mzima.

Kijana, asema, amebadilika.
Amesomea useremala kule Shimo la Tewa,
huamka kabla ya kengele,
hulia akisimulia.
Mimi hulia nikikanda unga.
Hakuna aliyenitolea cheti.

Alfajiri ile nakwenda Kongowea kununua nazi.
Walikuwa watano, mkubwa wao hajaota ndevu.
Panga alikuwa nalo Shaibu,
Shaibu niliyekuwa nikimpa mahamri akienda chuoni,
mawili ya pesa, la tatu bakhshishi.
Nikamwita kwa jina.
Nadhani ndilo lililomtia hofu.

Mamake huitwa Riziki;
yangu ndiyo iliyokatwa.
Akaanga viazi kichochoro cha pili,
na tangu hukumu hapiti mlangoni kwangu mchana.
Idi iliyopita alileta mtoto na sahani ya visheti chini ya kawa.
Nilikaa nayo hata sisimizi wakaifikia,
kisha nikala kimoja.
Kimoja tu.
Sahani sijairudisha.

Mwalimu wa msikiti asema kusamehe ni bora.
Kweli, sibishani na Kitabu.
Lakini Kitabu kilinipa haki yangu kwanza,
ndipo kikaniomba niiachilie.
Nyinyi mwataka niachilie
kitu ambacho hamjanikabidhi.

Afisa atazama saa.
Kalamu naishika kwa kushoto, herufi zaenda upande kama kaa:

Ana miaka ishirini na miwili, asiozee humo.

Vidole vyangu havikupunguziwa hata siku moja, hilo nalo liandikwe.

Nambieni tarehe ya lango kufunguliwa, nisije nikamkuta tu sokoni
mbele yangu, anatikisa nazi sikioni, asikilize maji,

na hapo mistari ikaisha.
Afisa akanyoosha mkono kuchukua karatasi.
Nikamwambia, ngoja, mwanangu.
Nikapanda nayo pembeni, nikapita penye muhuri,
nikaandika kwa herufi ndogondogo:

akija, apige hodi mchana.
Kuitika sikuahidi.